Dume Namba Nne na Alama Yetu ya A

Mgeni wetu rasmi Dkt. Eunice Joram, pamoja na mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi wetu, shikamooni.

KARIBU
Sisi wahitimu wa chuo cha mifugo tunakukaribisha Nyansurura. Tunajua barabara ya kutoka Mugumu haikukuonea huruma, na bado umefika kabla hatujamaliza kupanga viti.

TULIKOTOKA
Wengi wetu tulikuja tukidhani tunawajua ng'ombe kwa sababu tumekulia zizini. Walimu walitusahihisha taratibu. Zoezi kubwa la mwaka wa mwisho ni kunenepesha: kila kikundi hupewa dume aliyekonda, na alama hutolewa kwa uzito alioongeza. Tulikatazwa kuwapa majina, tukatii. Kikundi cha mwenzetu Boke Kisyeri kilimwita dume wao kwa namba ya hereni yake ya sikioni, Namba Nne.

MAFANIKIO
Sote tumefaulu. Namba Nne ndiye aliyeongoza, na kikundi chake kikapata A. Alifika mbavu tupu. Boke alimkatia matete kabla ya vipindi, na mwenzake Faraji aliomba pumba mashineni mpaka wasagaji wakamuuliza dume huyo anamtolea nani mahari. Wakati wa kumtembeza, walimzoesha nira.

CHANGAMOTO
Josho letu la kuogeshea mifugo limepasuka. Maksai wa kufundishia kulima alikufa kwa uzee, na shamba la malisho tunalilima kwa jembe la mkono.

Changamoto nyingine ni ngumu kuisema mbele ya mgeni. Kwa desturi ya chuo, dume aliyeongoza ndiye anayechinjwa kwa heshima ya mgeni rasmi. Tulilijua hilo tangu mwanzo. Hata hivyo, kila mizani ilipopanda, kikundi kile kilifurahi mchana, na jioni kikaenda kuketi zizini na Namba Nne. Wiki ya mwisho Boke alimwendea mwalimu wetu, Mwalimu Machage.

"Mwalimu, tuandikie C."

"Mizani haina shangazi, binti yangu," alimjibu, akaandika A.

Hatumlaumu mwalimu, alama ile ni haki yao. Lakini ndiyo alama pekee hapa chuoni ambayo watu wameipata wakatamani kuirudisha.

OMBI
Tunaomba utusemee josho likarabatiwe.

Mkuu wa chuo ametuambia kuwa neno juu ya Namba Nne ni lako, kwa kuwa heshima ni yako. Tunakuomba umpokee akiwa hai, kisha utuachie awe maksai wa chuo. Kumhasi ni kazi tuliyofundishwa, tutaifanya wenyewe. Kwetu kumnyima mgeni nyama ni aibu, hivyo wazazi wametoa mbuzi na kuku, na jikoni wameshaanza kupakua. Ukiona desturi ifuatwe, tutaketi nawe mezani kwa adabu, wala hatutanung'unika.

Mchinjaji amekubali kusubiri risala iishe. Kwa kawaida risala husomwa na mwanafunzi aliyeongoza. Boke ameomba mwingine asome; yeye yuko nyuma ya ukumbi, ameshika kamba.

Mungu akurudishe nyumbani salama, alijaze zizi lako, na neno lako la leo alitie baraka.

Ni sisi watoto wako,
Wahitimu wa Uzalishaji wa Mifugo, Nyansurura.