Fundi Aliyewajengea Wageni Mahali pa Kusimama

Wazazi wetu, ndugu, majirani, waheshimiwa wabunge wa zamani na wa sasa, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili mtushike mkono siku ya leo, familia inaomba muisikilize safari ya mume, baba na babu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi na wachache wenye utani mlimwita Siku Moja, na tarehe zote tumeziangalia mara mbili, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia kipimo cha kukisia.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mwashi na mama mshona nguo, ingawa kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1953, kosa la karani ambalo alikataa katakata kulirekebisha, akidai kwamba serikali ikikupa miaka miwili ya bure si adabu kuirudisha.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli kuanzia 1958 hadi 1965, kisha shule ya ufundi kuanzia 1966 hadi 1969, ambako mwalimu wa useremala aliandika kwenye ripoti ya mwisho, ambayo Mama yetu anayo mpaka leo, kwamba kijana huyu ana mikono mizuri na mdomo mrefu, na vyote viwili vilimfaa maishani.

Kuanzia Januari 1970 alitengeneza viti vya mabehewa katika karakana ya reli, na tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa katika karakana ya Bunge, chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye meza mbili za kazi, jiliwa moja la kubania mbao na harufu ya maranda mapya, na humo alikaa miaka thelathini na mitatu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa bawaba, droo na viti vya waheshimiwa vilivyolegea, lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa ile ya wageni, yaani marais, wafalme na mawaziri wakuu wa nchi nyingine waliokuja kulihutubia Bunge, ambao kila mmoja alihitaji mahali pa kusimama panapolingana na mwili wake. Watu wa itifaki walimletea kikaratasi chenye kimo cha mgeni, naye, kwa kuwa hakuamini vikaratasi, alitafuta ndani ya jengo mtu wa kimo hichohicho, akampandisha kwenye jukwaa ukumbi ukiwa mtupu, akampa gazeti asome kwa sauti, kisha akarekebisha mimbari mpaka msomaji aache kunyoosha shingo. Dereva wa Spika aliwahi kuwa wafalme wawili, na mama wa chai, aliyekuwa mfupi kuliko wote, alikuwa marais watano, na siku moja alipoambiwa kwamba yeye ni rais hadi saa sita tu, alijibu kwamba basi apewe kwanza likizo, mambo ya nchi yatafuata.

Wakati wa hotuba Fundi alikaa nyuma ya pazia kusikiliza mbao, na jioni alitusimulia hotuba kwa miguu ya mgeni, kwamba huyu alisimama imara kama nguzo, na yule, hasa alipofika kwenye urafiki wa kudumu baina ya mataifa yetu, ubao ulilia mfululizo, jamaa hakutulia hata kidogo. Ni haki kusema pia kwamba mwaka 1981 alikosea, akapima kimo cha mgeni bila viatu, mgeni akaja na visigino virefu, akasoma hotuba nzima ameinama kama mtu anayetafuta sindano, na Fundi hakula chakula cha jioni siku mbili.

Utaratibu wa jengo lile ulikuwa kwamba kinachotengenezwa kwa ajili ya mgeni hubomolewa siku ileile, kabla ya saa kumi na moja jioni, ili ukumbi ubaki kama ulivyorithiwa, kwa hiyo kazi yote ya wageni ilifungwa kwa skrubu tupu bila tone la gundi, na ndipo lilipotoka lile jina la Siku Moja. Alicheka nalo hadharani, lakini nyumbani alikiri kwamba linamchoma, kwa maana viongozi ishirini na wawili walikuwa wamesimama juu ya kazi ya mikono yake na hapakuwa na hata kibao kimoja cha kumwonyesha mtoto, na alitamani, kabla ya kustaafu, kitu chake kimoja kibaki mle ndani.

Na Mama yetu walikutana humohumo kazini, Februari 1979, Mama akiwa mshonaji wa bendera na mapazia, wakagombana kuhusu kitambaa cha mimbari, Fundi akisema kitambaa kimepungua, Mama akisema mimbari ndiyo imezidi, tepu ikaletwa, Mama akawa sahihi kwa sentimita mbili, na Jumamosi tarehe 18 Agosti mwaka huohuo wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1980, 1984, 1988 na 1997, na wajukuu sita.

Mwezi Juni 1996 ilitangazwa kwamba atakuja rais mgeni anayetumia kiti cha magurudumu, na kwa kuwa jukwaa la Bunge lilikuwa na ngazi tatu zenye jumla ya sentimita hamsini na nne, Fundi alichora njia ya mteremko, mita sita na nusu, ikipita ukutani nyuma ya meza ya makatibu, kila sentimita moja ya kupanda ikipewa kumi na mbili za kwenda mbele. Alipotafuta mtu wa kuijaribu, kama ilivyokuwa desturi yake, alikuta ni mmoja tu katika jengo zima, mbunge aliyewahi kuwa mwalimu wa hesabu, ambaye kwa miaka minne alikuwa akisoma taarifa za kamati yake kutoka njiani, kati ya viti, ameshikiwa kipaza sauti na askari wa Bunge, wakati wenzake wote walisomea jukwaani.

Mheshimiwa Mwalimu, ambaye yupo nasi hapa, alikuja Jumatatu tarehe 10 Juni saa sita mchana, akapanda kwa mikono yake mwenyewe, akafika juu, akautazama ukumbi kwa muda mrefu kutoka upande ambao hakuwahi kuuona, kisha akauliza jambo moja tu, "Hii inabomolewa lini, Fundi?", naye akajibu, "Kesho saa kumi na moja, Mheshimiwa, ndiyo amri," na mheshimiwa akasema, bila kulalamika, kwamba taarifa yake ni Alhamisi, akashuka, akaenda zake.

Jumanne mgeni alihutubia kwa dakika arobaini na saba, akapigiwa makofi, akaondoka, na saa kumi na moja mkuu wa majengo alipofika na vijana wake, mteremko ulikataa kutoka, kwa sababu kila kiungo, na upande wote unaogusa sakafu, ulikuwa umepakwa gundi ya mbao. Mkuu aliuliza kwa ukali kama mzee mzima na miaka kumi na minane kazini hajui maana ya kazi ya siku moja, na Fundi, ametazama viatu vyake, alisema, "Mkuu, mkono umezoea, nimejisahau, lakini mkiing'oa sasa mtaondoka na sakafu ya Spika." Historia hii haitaki kusema lisilojulikana, na inalojua ni kwamba Mama aliona gundi kwenye mkono wa shati lake Jumatatu jioni, na kwamba hakuna yeyote anayemkumbuka marehemu akisahau chochote cha kazi.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ngumu nyumbani, maana alijua anaweza kufukuzwa akiwa na watoto watatu shuleni, na Mama anasema alirandaranda sebuleni kama anayepima chumba kwa hatua, akijibu kila swali kwa kusema tusubiri Alhamisi. Alhamisi tarehe 13 Juni Mheshimiwa Mwalimu alipanda jukwaani, akasoma taarifa ya Kamati ya Maji, kurasa kumi na tisa, uso kwa uso na Bunge zima, huku Fundi akiwa nyuma ya pazia, na alisema baadaye kwamba ubao haukulia hata mara moja. Ijumaa alipokea barua ya onyo kali na kuondolewa kwenye kazi ya wageni kwa miaka miwili, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku la vifaa, chini ya pima maji.

Wahandisi waliamua mteremko usiguswe mpaka mwisho wa kikao, kisha mpaka baada ya bajeti, kisha ikawa hakuna aliyekumbuka nani alipaswa kuuondoa, na mwaka 1999 Spika mpya aliagiza uwekewe zulia kama sehemu nyingine za ukumbi, na tangu hapo wamepita hapo wafalme wenye fimbo, waziri mjamzito wa miezi minane, na wabunge wengine watatu wenye viti vya magurudumu waliochaguliwa baada ya Mheshimiwa Mwalimu.

Marehemu alistaafu mwaka 2011, na Septemba 2022 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yamechoshwa na vumbi la mbao, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa, na tarehe 9 Januari 2025 akalazwa. Tarehe 21 wasanifu watatu wa ukumbi mpya wa Bunge unaojengwa walimfuata wodini kumwomba vipimo vyake, naye aliomba penseli, akawaambia kwa pumzi fupifupi wasirudie moja kwa kumi na mbili, kwa kuwa siku ile aliona kwenye mita ya mwisho mabega ya Mheshimiwa yanatetemeka na hakuwahi kujisamehe, waweke moja kwa kumi na nne na wasione haya kula nafasi. Mama akatumia nafasi hiyo kumuuliza, baada ya miaka ishirini na minane, kama ile gundi aliisahau kweli, naye akawatazama wageni, akasema, "Mama watoto, unataka nijibu mbele ya serikali?", na hatukumsikia tena akicheka kwa nguvu namna ile.

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono, marehemu akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi kumi na siku ishirini, kwa hesabu ya mama yake mzazi na si ya karani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliolala sebuleni kwetu bila kuombwa, wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza hili kwa zamu, na wasanifu, walioleta habari jana kwamba zege ya mteremko mpya imemwagwa kwa kipimo alichokiandika.

Baba, pumua sasa bila taabu, na upumzike kwa amani.