Kodi Iliyovuka Mto

Basi lilipokuwa likivuka daraja kutoka jimbo la Oregon kurudi jimbo la Washington, Verlin Stroud alimsimulia mama aliyekaa kando yake jinsi alivyowapiga chenga watu wa kodi. "Pikapu nimenunulia Oregon, mama, bado nimeiacha kule. Kule hawatozi kodi ya mauzo hata senti. Sasa naenda kuchukua namba za gari tu."

"Unaishi wapi, kaka?"

"Hapa ng'ambo, Vancouver, upande wa Washington."

"Basi utalipa Vancouver. Kodi haiangalii uliponunua, inaangalia unapolala. Namba hupewi mpaka ulipe."

Verlin alicheka, akaona mwenzake hacheki. "Kiasi gani?"

"Umenunua dola elfu ishirini? Andaa kama elfu moja na mia saba."

Pesa hiyo alidhani ameiokoa, na mkewe alikuwa ameipeleka kwa daktari wa meno asubuhi ile.

"Nitaandika anwani ya dada yangu wa Oregon."

"Andika. Ukishikwa, dada yako atakuletea chai jela."

Basi likasimama mbele ya ofisi ya namba. Verlin hakuinuka. Alimpigia mkewe simu amwambie daktari asianze kwanza. Mkewe akaitikia kama mtu aliyejazwa pamba mdomoni.

"Mzee, unashuka?" dereva akauliza.