Historia ya Marehemu Ontefetse Modisapodi, Aliyesimamisha Nyimbo Ili Kusalimu Watu

Mchungaji, wazee wa kata yetu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Gaolekwe, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake ingawa niliwaomba wamtafute mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa hapa Molepolole, akaanza shule mwaka 1963 na kuishia darasa la nne, kwa kuwa baba alihitaji mtu wa kukaa na ng'ombe, na ilikuwa ama yeye ama mimi, naye akasema, "Mwacheni huyu asome, mimi ng'ombe wananielewa." Huko malishoni ndiko alikojitengenezea gitaa la kwanza, la debe la mafuta na nyuzi nne za waya wa breki.

Kuanzia 1973 hadi 1986 alifanya kazi migodini Afrika Kusini, na katikati ya miaka hiyo, tarehe 22 Desemba 1979, alifunga ndoa na Bi Gabanthate, wakajaliwa watoto watatu, Mothusi, Lorato na Kesaobaka. Aliporudi nyumbani alijichagulia kiti mbele ya mashine ya kusaga mtama, akavaa koti la mvua hata wakati wa jua kali, akapiga gitaa mkono wa kushoto ukiwa juu ya shingo ya gitaa badala ya chini yake, na akipita mtu yeyote, awe mtoto, awe mlevi, alisimamisha wimbo, akamsalimu kwa jina la ukoo wake, akangoja aitikiwe, ndipo akauanza upya tangu mwanzo. Siku ya foleni, wimbo mmoja ulimaliza asubuhi nzima. Watu walimcheka kwa mapenzi, ila mimi, naibu mkuu wa shule, nilikuwa nabadili njia.

Mwezi Agosti 2019 Bi Tshenolo, ambaye tunaye hapa, alitoka Gaborone kuja kutengeneza filamu juu yake, na siku ya kwanza akamsihi, "Mzee, tafadhali, piga tu, usisimame," kaka akamjibu, "Mwanangu, mtu apite kama mbwa, kisa wimbo?" Mimi nilimfuata binti huyo pembeni nikamwambia kaka yangu hayuko sawa kichwani, aachane naye. Hakuachana naye, aliiacha kamera iendelee tu.

Mwaka 2021 filamu ilionyeshwa barazani kwa chifu, na hamna wimbo hata mmoja uliofika mwisho, ni salamu tupu, watu wakijiona wanapiga vigelegele na kuitikia tena. Kisha akatokea kwenye filamu mwanamume mwenye mkoba wa kahawia, macho chini, kaka akasimamisha wimbo akamsalimu, "Dumela, mdogo wangu," yule mtu akapita kimya, kaka akangoja, akangoja, halafu akaliweka gitaa chini. Baraza zima liligeuka kunitazama.

Mwezi Mei mwaka huu kisukari kilimzidi, akakatwa mguu, nikawa nampelekea machungwa hospitali, na siku moja nilimuuliza kwa nini ule wimbo aliousimamisha nilipopita hajaupiga tena, akasema bila hasira, "Wimbo ulisimama, bado nangoja." Muuguzi akaingia, kaka akamsalimu, nami nikaanza kumenya chungwa. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, kabla sijarudi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mwenye mashine ya kusaga, majirani mliopika na kusali nasi wiki nzima, wapiga gitaa wenzake, na Bi Tshenolo, ambaye namwomba radhi, kwani kaka yangu alikuwa sawa kabisa kichwani.

Na sasa, mbele yenu nyote, naomba nilipe nilichomnyima pale mashineni. Dumela, kaka yangu. Nimeitikia. Lala kwa amani, uuanze wimbo wako, safari hii uumalize.