Vayolini ya Candide

Treni ilipokaribia Mpanda mtandao ulirudi, na ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya Lidia. Ulitoka kwa binti yake Candide, anayepiga vayolini Dar es Salaam. Mkono wa Candide ulikuwa umevimba wiki nzima, na jana jioni ndipo okestra yao ilipofanya onyesho la muziki wa Marekani na wa Norway.

Lidia alisikiliza, kisha akashusha pumzi. "Amepiga mpaka mwisho," alimwambia mfugaji aliyeketi mbele yake, mzee Maduhu. "Mkono haukumsumbua."

"Afadhali. Ameimba nini?"

"Hawaimbi, baba. Wanapiga vyombo tu."

"Sasa bila maneno, mtu anajuaje huu ni wa Marekani na huu wa wale wengine?" Lidia akamfungulia kipande cha muziki alichotumiwa pamoja na ujumbe. Maduhu, ambaye hajawahi kuona vayolini, alisikiliza na kuamua bila kusita. "Huu ni wa Norway. Ni kama mtu anachunga ng'ombe peke yake, mbali na kwao."

"Candide kasema ni wa Marekani."

"Basi kachanganya."

Lidia akacheka huku machozi yakimtoka, akafungua tena kile kipande. Treni ilisimama Mpanda wakiwa bado wanabishana.