Koki Niliyoogopa Kuifungua

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi hiki cha wafiwa, asanteni kunipa nafasi. Sitataja jina la mtu.

Baba yangu alikuwa fundi wa matairi hapa Mandewa. Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, malori yaliongezeka, kazi zikamjaa. Mchana mmoja tairi la lori alilokuwa akilijaza upepo likapasuka. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa jikoni na nilisikia. Siku ya kuaga, jeneza halikufunguliwa.

Nilisoma na uchungu huo mpaka chuo cha ng'ambo. Huko nikapewa kazi ya kuchanganya unga wa udongo, chembe ndogo mno wanazoziita nano, ndani ya plastiki ili iwe imara. Taabu ni kwamba chembe hizo hushikana, kama uji uliokorogwa na mvivu. Dawa yake ni ile gesi ya kwenye soda: unaibana na kuipasha moto ndani ya mtungi wa chuma mpaka inakuwa si hewa si maji, inapenya katikati ya chembe. Halafu unafungua koki kwa mkupuo. Gesi inafumuka kwa kishindo kama tairi, chembe zinatawanyika.

Kwa mkupuo! Mimi huyu? Mkono ulikataa. Nilifungua kidogo kidogo, chembe zikarudiana, mabonge matupu. Kila mara. Mwalimu wangu akasema, "Usipobadilika utarudi kwenu." Nikarudi kwenye mtungi bila kumweleza sababu. Kwetu msiba wa nyumbani hausemwi ugenini. Nilikonda mpaka nguo zikanipwaya.

Siku moja nimekaa chini nalia, mwenzangu mmoja, dada wa Kihindi, akauliza, "Mtungi umekukosea nini?" Jamani, nikamwaga yote. Hakunipa pole ndefu. Akanivuta nyuma ya ukuta wa chuma uliotukinga, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye mpini wa koki. "Tufungue wote." Tukafungua. Mlio ule! Nilipiga yowe la msibani, la Kinyaturu kabisa, nikimlilia baba. Sikuwahi kumlilia. Plastiki ya siku ile haikuwa na bonge hata moja.

Namshukuru dada yule. Namshukuru mwalimu, alinivumilia. Namshukuru mama, yule pale mbele, ambaye mpaka leo lori likipita anashtuka. Sijapona, msinipigie makofi. Koki bado naiogopa, ila naifungua. Ila ninyi mliofiwa, semeni. Mama, hata wewe. Habari ya siku ile hatujawahi kuiongea, mimi na wewe. Tukifika nyumbani, nitaanza mimi.