Kipenga: Refa Aliyekubali Kupimwa Macho

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza baba yetu, mimi ni binti yake wa kwanza. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Kipenga. Nitasoma kwa ufupi, maana marehemu hakupenda muda wa nyongeza.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Shangazi yetu, aliyekaa pale mbele, anasema tangu utotoni ndiye aliyeamua kila ugomvi. Akikosa yeye, alijitoa mwenyewe: "Nimecheza rafu, nakaa nje."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965 na sekondari hadi 1969, kisha akajifunza ufundi bomba. Mwaka 1972 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne. Alijua kila ua lenye mbwa mkali. Mwaka 1978 alipata cheti cha urefa, na tangu hapo siku zake za mapumziko zikawa za uwanjani.

Mama yetu alikuwa mpiga chapa wa idara hiyohiyo. Alimrudishia ripoti mara tatu kwa kuwa tarakimu zake za saba zilifanana na moja. Mara ya nne baba alikuja ameziandika vizuri, na posa juu yake. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980.

Mwaka 1994 aligundulika ana kisukari. Alimeza vidonge, akaacha sukari kwenye chai, akaona amemaliza kazi. Macho hakuyafikiria, kwa kuwa hayakuwa yakimuuma.

Mwezi Mei 1999 alichezesha mechi ambayo mpira ulivuka mstari wa goli, naye akakataa bao. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Refa, kapime macho!" Hayo alishayazoea. Lakini baada ya mechi alifuatwa na mama mmoja mtu mzima, mfua jezi wa timu iliyofungwa.

"Mwanangu, sikuja kukutukana," alimwambia. "Mpira umeingia hatua nzima. Mimi nimeuona kutoka kwenye benchi, wewe ulikuwa palepale. Una kisukari?"

"Ninacho. Nani kakuambia?"

"Mume wangu alianza hivyohivyo. Sasa haoni hata dirisha. Kapime."

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. "Leo mfua jezi kanifundisha kazi!" Mama hakubishana naye. Alimuuliza tu, "Bao uliliona au hukuliona?"

Nilikuwa nasonga nywele za mdogo wangu sebuleni, nikasikia kila neno. Baba akaweka kipenga mezani, akasema, "Kulikuwa na kitu kama uzi mweusi kinaelea mbele yangu. Nilidhani ni inzi."

"Kesho huendi kusoma mita," mama akasema. "Tunakwenda kliniki ya macho."

Huko alitiwa matone ya kupanua mboni, na daktari akachungulia ndani kabisa ya jicho. Sukari ilikuwa imeharibu mishipa midogo, na mmoja ulikuwa ukivuja damu. Baba akaomba aandikiwe miwani yaishe.

"Miwani haizibi mshipa, mzee," daktari alimjibu. "Na ugonjwa huu hautangulizi maumivu. Ungesubiri uumwe, ungekuja hapa umeshikwa mkono."

Alitibiwa kwa leza kwa miezi kadhaa. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu. La kulia lilipona. Aliandika barua kwa chama cha marefa kwamba bao lile lilikuwa halali, akastaafu kuchezesha, akaanza kufundisha marefa wapya. Kisha alikwenda kumshukuru yule mama, akamkuta mumewe ameketi peke yake kando ya redio. Tangu siku ile, kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, hadi mzee yule alipofariki, baba alikwenda kumsimulia mechi.

Nyumbani sheria zilibadilika. Taulo lake la uso lilikuwa na msumari wake, na ole wako ulifutie mikono. Hakugusa jicho kabla ya kunawa kwa sabuni, wala hakukubali dawa ya macho ya kuazima. Jirani alipotaka kutia asali kwenye jicho jekundu, baba alimwambia, "Asali kaweke kwenye mkate," akampeleka kliniki mwenyewe. Kila Machi alikwenda kupimwa macho hata kama hana shida yoyote. Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani, kwa sababu matone yale yalimfanya asivumilie jua: kofia imeshuka, miwani nyeusi, kama jambazi wa sinema. Na kwenye benchi la wagonjwa wa kisukari aliwauliza wote, wakubwa kwa wadogo: "Mwaka huu umepimwa macho? Sisemi sukari. Macho!" Baadhi yenu mliulizwa, mkaenda, na leo mnajisomea ratiba hii ya mazishi wenyewe.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2022. Alilazwa tarehe 2 Juni 2024. Asubuhi ya tarehe 11 mama aliingia wodini mbiombio. Baba alimtazama kutoka kitandani, akatabasamu. "Mama watoto, umevaa sweta ndani nje." Mama akajitazama, kweli. Wakacheka wote wawili, naye akalivua na kuligeuza. Saa nne na robo, akiwa ameshikwa mkono na mkewe, baba yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada wawili, na marefa wengi wanaomwita mwalimu.

Mungu ampokee, naye apumzike kwa utulivu.