Mhuri wa Mzee Hermenegildi na Supu ya Getini

Mzee Hermenegildi Kelestini, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Mahenge tarehe 13 Aprili 1938, siku ya mtakatifu wa jina hilo, kwa hiyo padri hakuumiza kichwa. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Kelestini na mama Paskalina. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na mwaka 1957 akaajiriwa Ifakara kumsaidia bwana mifugo Mwingereza.

Huko ndiko alikokabidhiwa mhuri. Sheria ya mkoloni ilikuwa kavu: mnyama wa kuuzwa achinjwe machinjioni tu, ini na mapafu yakaguliwe, na nyama isiyo na mhuri wa wino ifukiwe. Wachinjaji walimnunia. Uhuru ulipokuja bendera ilishuka, mhuri ukabaki mkononi mwake mpaka alipostaafu mwaka 1993. "Minyoo haijui kuwa tumejitawala," alikuwa akisema.

Tarehe 4 Julai 1964 alifunga ndoa na Balbina wa Namawala. Hapa mjane ameomba ukweli usemwe, maana wengi mnaujua. Bibi Balbina alikuwa na wivu, na wivu wenyewe ulinuka supu. Kila asubuhi akimaliza kukagua, marehemu aliketi kwa Asmahani, muuza supu wa getini pa machinjio, akanywa bakuli zima mpaka jasho limtoke. Nyumbani, Viwanja Sitini, nyama hakugusa. Balbina akiiunga kwa nazi, mume anasema, "Ichemshe sana, Mama Levina," kisha anaomba perege. Mke gani angepata usingizi? Balbina alinusa mashati ya mumewe, na kila khanga mpya ya Asmahani ilipopita njiani ilimchoma moyo.

Mwaka 1971 alifunga kibwebwe, akaenda getini mchana kweupe.

"Wewe Asmahani! Umemlisha nini mume wangu hata nyama yangu haimpiti kooni?"

"Supu yangu haina dawa, Mama Levina. Ina mhuri. Nyama ya kwako unaitoa wapi?"

Ilitoka kwa kaka yake Balbina, Raimundi, aliyechinja uani kwake Namawala, akawauzia majirani, na kumtumia dada yake paja. Jioni Balbina alimkabili mumewe.

"Ni ya shemeji," marehemu akajibu. "Nikiionja, nimeiona. Nikiiona, lazima nimshitaki. Sasa nimfunge kaka yako, kisha nilale wapi?"

Kesho yake Balbina alinunua nyama iliyokaguliwa, akaipakua kipande chenye alama ya wino kikiwa juu kabisa, kionekane. Marehemu alikula akalamba vidole. Raimundi alinuna msimu mzima wa mpunga, kisha naye akaanza kupeleka ng'ombe wake machinjioni. Lakini supu ya getini marehemu hakuiacha, na wivu haukumwacha Balbina.

Januari 2024 marehemu alipata kiharusi, chakula kikamshinda. Bibi Balbina alichukua chupa ya chai, akaenda mwenyewe kwa Asmahani, akarudi nayo imejaa supu. Akasema ameipika yeye. Marehemu alinyweshwa kijiko kwa kijiko, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mama Levina, siku hizi unajua kupika."

Alijua, hakujua? Bibi Balbina bado anamkasirikia kwa hilo. Marehemu alifariki mikononi mwake tarehe 9 Novemba 2024.

Ng'ombe wa msiba huu amepitia machinjioni na kupigwa mhuri. Supu inapikwa na Bibi Asmahani, kwa ombi la mjane, ambaye tangu asubuhi ameketi karibu na sufuria akimtazama anavyotia chumvi.

Marehemu ameacha watoto watatu, Levina, Fidelis na Viktor, wajukuu kumi na mmoja, na mjane mmoja. Mjane ameagiza neno la mwisho lirudiwe, wa nyuma nao wasikie: mmoja.

Bwana ampokee na kumlaza mahali pema Hermenegildi wa Balbina.